Usiku Kumi na Mmoja

Kifurushi kililala posta ya Punta Arenas siku tisa
kwa sababu mtu fulani kule Santiago
aliandika jina la mtaa kwa haraka.
Nimekileta ndani ya koti, kifuani, kama kifaranga,
upepo ukinilazimu kushika kamba kwenye kona za barabara.
Daktari Eduvina hakuniuliza habari za upepo.
"Kimebonyea?"
Hakikubonyea.

Tukailaza mashine ubavu juu ya meza ya ramani.
Vumbi la miaka minane,
manyoya ya paka aliyekwisha kufa,
skrubu moja isiyo ya pale.
Nikagusa kwanza bomba la joto ukutani, niutue umeme wa mwilini,
maana hewa ya huku ni kavu
na sweta la sufu hutoa cheche ukilivua.

Kipozajoto kiligoma.
Kilikuwa kimegandana na prosesa
kama ukoko na sufuria ya jana.
Nikakizungusha kushoto, kulia, kushoto tena,
hata kikaachia, kwa sauti ndogo ya busu.

Kumbe ni kadogo hivi! Kipande cha fedha, upana wa biskuti.
Hiki ndicho kilichokuwa kikituyeyushia barafu.
Kila majira ya baridi tulikipa mto mmoja wa barafu,
vipimo vya fimbo alizozichomeka Eduvina kwa mkono wake,
theluji, jua, chumvi ya upepo,
tukakiacha kifikiri usiku kumi na mmoja.
Usiku kumi na mmoja feni ikikoroma,
sisi tukichemsha yerba, tukicheza karata,
naye akinisimulia ndoa yake ya kwanza
kidogokidogo, kama mtu anayelipa deni.
Prosesa haina habari. Hufikiri tu, haikumbuki;
ikatie umeme, hata jina la mto haina.

Nikainua wenzo, nikaitoa.
Nikamlaza mgeni, pembetatu yake ikitazamana na pembetatu ya ubao,
bila kusukuma. Anayesukuma amekwisha kosea.
Dawa ya kijivu, kiasi cha punje ya dengu.
Swichi.
Feni zikaamka.
Skrini ikabaki nyeusi.

Tukangoja.
Eduvina akawasha sigara aliyoiacha mwaka juzi.
Nikachomoa, nikachomeka, nikaapa,
ndipo nikaelewa:
ubao ni mkongwe, programu yake ya kuamkia
iliandikwa mgeni huyu hajatoka kiwandani.
Anabisha hodi, na ndani
hakuna anayeijua sauti yake.
Nani wa kumtambulisha?
Yuleyule tuliyemng'oa.

Basi tukamfuta uso kwa spiriti, tukamrudisha kitini pake.
Flashi moja, dakika ishirini, mstari wa kijani ukitambaa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyozoea;
huyu mwenyeji alitandika kitanda,
akaufundisha ubao jina la atakayemrithi,
kisha tukamtoa mara ya pili
akiwa bado na joto.

Jumamosi jioni tukampa mgeni mto nambari saba.
Jumanne, kabla hakujapambazuka, alikuwa amemaliza.
Usiku tatu!
Nilitaka kushangilia. Eduvina alivaa miwani,
akaufuata mstari kwa kidole, ukishuka, ukishuka,
mpaka ukagusa sakafu mwaka uleule
ambao ile ya zamani ilitupa kwa jasho la usiku kumi na mmoja.
Haraka yote ile, na barafu haikuongezewa hata siku.

Kopo la yerba lilikuwa bado limejaa.
Ile ya zamani ameiweka kwenye boksi la karata,
kati ya mfalme na jike.
Na ndoa ya kwanza ilikuwa imefikia bandari ya Porvenir,
mume anashuka kivukoni
ameshika sanduku lisilo lake.

"Sanduku lilikuwa la nani?" nikauliza.
Akavua miwani.
"Pakia mto nambari nane," akasema.
"Nitakwambia ukianza."